Kanga, tembo na pweza: picha za chumba cha mtoto

Nenda duka lolote la vitu vya watoto hapa London, ulizia mapambo ya chumba cha mtoto mchanga, utaonyeshwa "safari". Mapazia ya safari, mashuka ya safari, stika za ukutani za safari. Twiga mwenye kope ndefu, tembo aliyekaa kitako kama dubu, simba anacheka. Neno ni letu, wanyama ni wa kwetu, lakini ukimwonyesha mama yangu atakuuliza hiyo ni safari gani ambayo hakuna anayekwenda popote. Kwake yeye safari ni basi la saa kumi na mbili alfajiri kutoka Tanga kwenda Dar, na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko.

Kwa hiyo wifi yangu aliponiomba nichore picha za chumba cha mtoto, nilijua tangu mwanzo kwamba kazi haitakuwa ya rangi tu.

Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Yeye na kaka yangu wanakaa Tooting, dakika saba kwa mguu kutoka stesheni ya Tooting Broadway. Amezaliwa hapa hapa, wazazi wake ni Watamil kutoka Sri Lanka, na Kiswahili anachojua ni "karibu", "asante" na "chakula tayari". Mimi ndiye ninayechora kwenye familia, na isitoshe ni shangazi wa mtoto, basi kazi ikawa yangu. Akanitumia mfano wa anachokipenda: bundi wawili wamekaa kwenye tawi, macho makubwa, rangi za pinki na kijivu.

Nikamwonyesha Mama.

"Bundi?" akasema. "Chumbani kwa mtoto?"

Kama umekulia kwenye nyumba zetu hizi, huhitaji maelezo. Waingereza wanamwona bundi kuwa ndege mwenye hekima, kwenye vitabu vya watoto wanamvisha miwani. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wanasubiri simu. Sikutaka kuamua nani ana haki. Nilimwambia wifi kwamba bundi hapana, akacheka, akasema basi chagua wewe.

Nikachagua Tingatinga.

Ukiwa wa rika langu, pengine jina hilo ulilisikia kwanza kwenye televisheni. Mwaka 2010 CBeebies walianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi, wanyama wote wana madoa na rangi kali. Mimi nilishakuwa mkubwa kwa katuni zile, nilikuwa nazitazama kwa kujificha. Lakini Tingatinga alikuwa mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, halafu akaenda Dar es Salaam, akawa anafanya vibarua vya aina aina. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mraba vya mbao nyembamba za dari na rangi ya kupakia baiskeli, akauza picha zake Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu mwingine waliyekuwa wakimfukuza. Alichora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, ndio walioendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho kipo hadi leo.

Nilipenda hilo la baiskeli na dari. Yaani mtu hakusubiri apate vifaa vya maana. Kutoka kwake nilichukua utaratibu: mnyama mmoja ajaze ubao mzima, nyuma yake rangi moja iliyotulia, halafu madoa, madoa, madoa.

Rangi yenyewe ya baiskeli sikuigusa. Harufu yake ni kali na si ya chumba cha mtoto. Nilinunua akriliki za kuchanganya na maji, zilizoandikwa kwamba zimepita kipimo cha EN 71-3. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha vitu vya kuchezea watoto, kinaweka ukomo wa metali kama risasi na kadimiamu zinazoweza kutoka kwenye rangi mtoto akiitia mdomoni. Na ataitia mdomoni. Jambo jingine la kuangalia ni nyumba. Nyumba nyingi za Tooting zina zaidi ya miaka mia moja, na rangi za zamani za nchi hii zilikuwa na risasi ndani yake. Kaka alitaka kukwangua madirisha ya kile chumba kidogo ili yapendeze. Tukamwambia asubiri, apime kwanza, kwa sababu vumbi la rangi ile ni sumu kwa mjamzito na kwa mtoto. Kama ya chini haijabanduka, ni salama zaidi kuiacha ilivyo na kupaka mpya juu yake.

Mbao nilizipata duka la vifaa, lile la mzee mmoja wa Kihindi karibu na barabara kuu. Nilikuwa naongea na Mama kwenye simu, namwuliza vipande vinne vitatosha au vitano. Nilipokata simu mzee akaniuliza, kwa Kiswahili, "Mama anasemaje?"

Nikabaki mdomo wazi. Alizaliwa Jinja. Alikuja mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na zaidi ya watu 27,000 wakaishia Uingereza. Mwaka huo huo aliokufa Tingatinga. Wakenya wenye asili ya Asia walikuwa wameshaanza kuja miaka michache kabla. Sisi tunadhani Kiswahili kimefika Tooting na wazazi wetu. Kumbe kilishafungua duka.

Mzee akanikatia vipande vinne vya sentimita 30 kwa 30, akaweka juu yake karatasi ya kahawia inayokwaruza. "Na msasa," akasema. "Bila msasa rangi haitashika, binti."

Msasa. Kitu hicho nimekitumia tangu shule, na jina lake kwa Kiswahili sikuwahi kulisikia. Nilipomwuliza Mama akashangaa kwamba ninashangaa. Msasa kwanza ni mti, akasema, majani yake yanakwaruza, mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa hayo majani kabla ya karatasi kuja. Miaka yote hiyo alikuwa na neno hilo kichwani, na hatukuwahi kuwa na sababu ya kulitoa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria Kiswahili changu ni cha namna gani. Mimi nakielewa chote, najibu vizuri tu, Tanga nikienda naambiwa naongea kama mtu wa pale, aliyepotea kidogo. Lakini Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha amri. Njoo. Kula. Zima taa. Nani kaacha mlango wazi? Mwambie kaka yako ashuke. Umeswali? Hujaswali. Vaa sweta. Ni lugha ya kuendesha nyumba, na mama aliyekuwa anatoka kazini saa mbili usiku hakuwa na muda wa kutuambia mti gani una majani ya kukwaruza. Wewe unayesoma hapa najua unanielewa. Tuna vitenzi vingi na nomino chache.

Na huyu mtoto anayekuja? Bibi yake wa Kitamil anakaa mtaa wa pili, atamwona kila siku. Bibi yake wa Kiswahili anakaa mbali zaidi, na Kiswahili chenyewe kitakuwa cha mwisho wa juma. Baba yake, kaka yangu mpenzi, anajibu kwa Kiingereza hata akiamkiwa. Nilifanya hesabu hiyo nikiwa nasugua mbao kwa msasa, na haikunifurahisha.

Mama akaanza kuja kwangu Colliers Wood kila Jumamosi. Alisema anakuja kuangalia kama nakula. Anakaa kwenye kiti cha dirishani na chai yake, mimi niko sakafuni na mbao zangu juu ya magazeti.

Wa kwanza alikuwa tembo, kwa sababu ni rahisi. Mama akamtazama, akasema mkonga ni mfupi. Nikarefusha mkonga. Wa pili alikuwa kanga, ndege mwenyewe, mweusi mwenye madoa meupe, kichwa kidogo kuliko akili. Inasemekana vile vitambaa vyetu vya kanga vilipata jina kwa ndege huyu, maana vya mwanzo vilikuwa na madoa kama yake. Nilimchora madoa kwa kutumia ncha ya kijiti cha kulia chakula cha Kichina, kila doa unachovya mara moja, unaweka, unainua. Ukichovya mara mbili doa linamwagika. Mama aliweka kikombe chini akasema nimpe na yeye kijiti. Akaweka madoa bawa zima la kushoto. Ukiangalia kwa makini utaona bawa la kushoto limenyooka kuliko la kulia.

"Huku juu ni upanga wake," akasema. Alimaanisha ile pembe ndogo ya kichwani. Dakika kumi baadaye akasema hapana, upanga ni wa jogoo, ya kanga inaitwaje? Akampigia simu dada yake Tanga. Dada yake akamwuliza jirani. Ikawa mjadala wa nusu saa kwenye spika, watu wanne wanabishana kuhusu kichwa cha kanga, mimi nachora. Sijawahi kusikia familia yangu ikiongea kitu kisicho na haraka kwa muda mrefu namna ile.

Wa tatu alikuwa pweza. Huyo hayumo kwenye "safari" za madukani, lakini sisi ni watu wa pwani. Nilimchora wa rangi ya matofali juu ya bahari ya kijani, mikono yake minane inajaza pembe zote nne za ubao. Nikasema mikono. Mama akasema, "Pweza hana mikono. Ana minyiri. Mmoja ni mnyiri."

Mnyiri, minyiri. Nikarudia kama mtoto. Akanieleza jinsi wanawake wanavyokwenda na mkuki mfupi maji yakitoka, kumtafuta kwenye matundu ya mwamba, na jinsi anavyopigwa juu ya jiwe mpaka alainike. Halafu akanyamaza. Nilidhani amechoka.

"Picha hizi zikikauka," akasema, "zikae hapa kwako. Usizipeleke kule."

Nikamwambia Mama, chumba kinasubiri, wifi ameshapaka ukuta.

"Kabla ya kaka yako kulikuwa na mwingine," akasema. "Huyo nilimshonea kila kitu. Nguo nane, na kofia. Baba yako akatengeneza kitanda, fundi akakipaka rangi ya bluu. Hakukaa. Siku mbili tu. Nilizifua zile nguo, nikazikunja, nikampa jirani. Kitanda sijui walikipeleka wapi, nilitoka nikakuta hakipo."

Nina miaka ishirini na nane. Sikuwahi kusikia habari hiyo.

Nilikuwa najua ile desturi, bila shaka. Nyumbani kwetu mtoto hanunuliwi vitu kabla hajazaliwa, na ukiuliza kwa nini unaambiwa si vizuri. Siku zote niliona ni mambo ya kuogopa kijicho cha watu. Sikujua kwamba kwa Mama ilikuwa na nguo nane na kitanda cha bluu. Hakulia, wala hakutaka nimkumbatie. Aliomba kijiti, akaendelea na vile viduara vya chini ya minyiri, ambavyo pweza hushikia mwamba. Akaviweka vyote, mnyiri baada ya mnyiri. Nilikaa kimya nikamchanganyia rangi nyeupe.

Kwa ruhusa yake nilimweleza wifi. Niliogopa ataona tunamharibia furaha. Akaniambia mama yake pia amekataa hata fulana moja isiingie nyumbani, na kigari cha mtoto wamekilipia wakakiacha dukani mpaka siku ifike. Kumbe ile rangi ya ukutani aliipaka kwa siri, mama yake hajui. Mabibi wawili ambao hawana lugha hata moja wanayoelewana vizuri walikuwa wamekubaliana kila kitu.

Basi picha zikakaa chini ya kitanda changu, zimefungwa kwenye shuka.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, hospitali ya St George's, hapo hapo Tooting. Ni msichana. Na kile chumba kidogo? Alilala Mama. Washauri wa afya wa Uingereza wanapendekeza mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza, kwenye kitanda chake mwenyewe. Mkunga alipowaambia hivyo Mama alifurahi kama aliyeshinda kesi. "Sasa chumba cha mtoto ni cha nani?" akauliza, akaingiza begi lake. Alikaa siku arobaini. Alimkanda wifi, akampikia uji wa pilipili manga, na bibi wa Kitamil akaja na supu yake, wakawa wanaonjeshana bila kusema neno.

Siku ya arobaini na moja nilibeba zile mbao kwa treni, kituo kimoja tu.

Tulizitundika ukuta wa upande wa mlango, si juu ya kitanda. Juu ya kitanda cha mtoto usitundike kitu kizito, hata ukiwa na uhakika na msumari wako. Kila ubao una skrubu mbili. Urefu aliupima Mama: alimbeba mtoto kifuani, akasimama mbele ya ukuta, akasema "hapa". Yaani picha ziko usawa wa uso wa mtoto aliyebebwa. Ukiingia peke yako unaziona ziko chini kidogo. Ukiingia na mtoto zinakutazama.

Nilitaka kuandika majina chini ya kila mnyama, herufi kubwa nzuri, TEMBO, KANGA, PWEZA, kama picha za madukani zinavyofanya. Nilikuwa nimeshanunua brashi nyembamba. Mama akakataa.

"Ukiandika, watasoma," akasema. "Usipoandika, watauliza."

Sikuwa na la kujibu. Mtu akisoma PWEZA ukutani ameshamaliza, anageuka anaondoka. Lakini bibi wa Kitamil alisimama pale wiki ya kwanza, akanyoosha kidole, akanitazama. Nikasema pweza. Akasema pweza. Akaniambia na yeye jina la kwao, nikalirudia vibaya, akanirekebisha mara tatu. Kaka yangu, yule wa kujibu kwa Kiingereza, nilimkuta usiku mmoja kambeba mtoto anayelia, anamwambia huyu ni tembo, huu ni mkonga, na hii, hii, "we, hii inaitwaje?" Alikuwa ananiuliza mimi kuhusu pembe.

Wiki za mwanzo mtoto mwenyewe hakuona lolote kati ya hayo. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, karibu na umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama, na hupenda vitu vyenye tofauti kali, kama cheusi kwenye cheupe. Kwa hiyo picha yake ya kwanza maishani haikuwa yangu. Ilikuwa kanga ya Mama, ile nyeusi na nyeupe yenye pindo nene, iliyokuwa begani kila alipobebwa. Hilo halinisumbui. Kati ya kanga ile na kanga wangu wa ukutani ni hatua chache tu, na alizivuka mwenyewe: akiwa na miezi minne alianza kumkodolea macho yule ndege mpaka maziwa yanamsahau.

Ubao wa nne bado uko kwangu, mtupu, umeshapigwa msasa. Mama anasema tumsubiri mtoto aseme anataka mnyama gani. Ana miezi tisa sasa. Haongei, ila akifikishwa kwenye ukuta anampiga pweza kofi, na rangi ya viduara vya mnyiri mmoja imeanza kufifia. Wifi aliniuliza kama nitakuja kuipaka upya. Nikamwambia aiache.

Na nyie, waulizeni wazazi wenu neno moja la kitu ambacho hakiko jikoni. Sehemu ya mnyama, kifaa cha fundi, aina ya mti. Mtutumie, tutayasoma kwenye kipindi kijacho. Na kama kuna mtu ana uhakika ile pembe ya kichwani mwa kanga inaitwaje, tafadhali. Tanga bado hawajakubaliana.